Popo wa Pate, Paka wa Efeso

"Kwenu pia kuna magofu?"

Niliulizwa hivyo Jumamosi moja ya Aprili, nimekaa kwenye ngazi za ukumbi mkubwa wa Efeso, kule Uturuki, nikimenya chungwa. Aliyeuliza ni Mturuki tunayesoma naye darasa moja İzmir, na hakuwa na nia mbaya. Aliuliza vile mtu anavyouliza kama kwenu kuna theluji. Nikamjibu chapuchapu: "Yapo kidogo, kule pwani. Lakini yalijengwa na Waarabu."

Tulikuwa wanne. Yule wa Kampala aliendelea kula mbegu zake za alizeti. Yule wa Tanga akanigeukia taratibu, akasema kwa Kiswahili ili mwenyeji wetu asielewe: "Wewe dada, mimi nimezaliwa Tanga. Magofu ya Tongoni nayajua tangu nachunga mbuzi. Sasa mimi ndiyo Mwarabu?"

Nikameza chungwa na mbegu zake. Nimekuwa nikilijibu lile swali upya kichwani tangu siku hiyo, na kila nikijibu najikuta nimerudi kwenye utenzi mmoja ambao shuleni niliufahamu kama jina tu, jibu la swali la alama mbili: *Al-Inkishafi*. Kwa hivyo hii ni tahakiki ya utenzi huo, lakini lazima nianze na Efeso, kwa sababu bila Efeso nisingeusoma.

Mtoto yeyote aliyepitia Sunday school anaijua Efeso kabla hajaiona. Ndipo Demetrio mfua fedha alipowachochea wenzake dhidi ya Paulo kwa kuwa biashara ya vihekalu vya Artemi ilikuwa inaharibika, na umati ukapiga kelele ukumbini kwa muda wa saa mbili. Ukumbi ni huohuo niliokuwa nimekalia. Inakadiriwa uliingiza watu karibu 25,000, idadi ambayo Nyayo ikiipata unasikia kelele hadi South B. Unafika kwa treni kutoka İzmir hadi mji mdogo wa Selçuk, kisha unapanda dolmuş, ambayo ni matatu tu isiyo na muziki. Pale Selçuk korongo wamejenga viota juu ya nguzo za mfereji wa maji wa kale. Hekalu la Artemi lenyewe, moja ya yale maajabu saba, limebaki na nguzo moja iliyosimamishwa upya katikati ya kinamasi. Mwingereza John Turtle Wood aliligundua mwaka 1869, na alichokipata cha maana kikaenda London. Tulilipita dakika tano.

Ndani ya mji wenyewe kuna paka. Kila nguzo ina paka wake, kila sanamu isiyo na kichwa ina paka amelala mahali kichwa kilipokuwa. Watalii wanawapiga picha kuliko wanavyopiga hayo mawe. Nami niliwapiga, sitajitoa.

Sasa, yule wa Kampala alisoma fasihi ya Kiingereza kidato cha tano na sita, na tulipofika mbele ya Maktaba ya Celsus alisimama, akatoa mkono mfukoni, akakariri "Ozymandias" ya Shelley mwanzo mpaka mwisho. Alikariri vizuri. Wazungu wawili walimpigia makofi. Nami nilisisimka, kwa sababu hilo ni shairi ambalo hata mimi nililifundishwa nikalipenda: mfalme aliyejisifu, sanamu iliyovunjika, jangwa pande zote. Tatizo ni kwamba lilikuwa halifanyi kazi pale. Nililisikiliza huku natazama maktaba na kitu kikawa hakiingiani, kama kufuli lenye ufunguo wa mlango mwingine.

Nadhani najua kwa nini. Shelley alichapisha shairi lile mwaka 1818 na hakuwa amekanyaga Misri. Hata ndani ya shairi, anayesimulia hajaona kitu. Amesimuliwa na msafiri. Kwa hivyo gofu lake ni gofu la kusikia: lina mfalme mmoja, halina jirani. Hakuna aliyefagia mbele ya ile sanamu, hakuna aliyekopa unga mlango wa pili. Na ndiyo maana somo lake linatoka safi hivyo. Ukiwaondoa watu wote mahali, unabaki na mfalme na mchanga, na mfalme na mchanga wana hadithi moja tu ya kusimulia. Ni shairi zuri sana la mtu anayepita. Sisi wanne pale tulikuwa wapita njia pia, tumenunua tiketi, tuna treni ya jioni, na labda hilo ndilo lililonikera: lilitupa ruhusa ya kuwa wapita njia.

Lakini tazama ile maktaba. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 2 na mtoto kwa ajili ya baba yake, Celsus, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo hili la Asia chini ya Warumi. Baba mwenyewe amezikwa chini yake. Yaani ni kaburi lenye vitabu juu. Uso wake unaouona kwenye kila kadi ya posta ulikuwa umeporomoka wote. Wanaakiolojia wa Austria ndio waliousimamisha tena miaka ya 1970, jiwe kwa jiwe. Na kwenye uso huo kuna vidaka vinne vyenye sanamu za wanawake wanne, Hekima na Maarifa na wenzao. Mwenyeji wetu akatuambia, bila uchungu wowote, kwamba hizo ni nakala. Zenyewe ziko Vienna.

Yule wa Tanga aliposikia neno vidaka (mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri, na hilo ndilo neno lililonijia) akacheka peke yake. "Vidaka vya Pate vina ndege," akasema. "Hapa wameweka fotokopi." Sikumwelewa. Alinielewesha jioni.

Kabla ya jioni kuna nyumba. Ukishuka ile barabara ya Kuretes, upande wa kushoto kuna paa kubwa la kisasa, na ukilipa tiketi ya pili unaingia chini yake kutazama nyumba za matajiri zilizojengwa juu ya mteremko. Wengi hawaingii, wanahifadhi pesa. Usihifadhi. Huko ndiko nilikosahau simu mfukoni kwa mara ya kwanza siku nzima. Unatembea juu ya njia za kioo na chini yako kuna sebule za watu: kuta zilizochorwa, sakafu za mozaiki, choo, ua wa ndani. Wataalamu wana meza ndefu wamemwaga vipande vya marumaru zaidi ya laki moja vya ukumbi mmoja wakijaribu kuvirudisha mahali pake. Na kwenye plasta za kuta, watu wa nyumba walikwaruza mambo yao, picha za wapiganaji wa uwanjani, hesabu za matumizi ya nyumbani. Hesabu! Mtu alisimama pale na kijiti, akaandika ametumia ngapi, miaka 1,800 iliyopita na ushee, kama mamangu nyuma ya kalenda ya sacco.

Hapo ndipo "Ozymandias" lilipokufa kwangu, samahani kwa wanaolipenda. Huwezi kusimama juu ya hesabu ya mtu ya sokoni halafu ukatoa hotuba kuhusu wafalme.

Kwenye treni ya kurudi, yule wa Tanga akanipa simu yake. Alikuwa na *Al-Inkishafi* kwenye faili la PDF, matini na maelezo. Huwa anaisoma akipatwa na upweke. Nilidhani anatania. Nikaanza kusoma, na kwa sababu Kiamu cha zamani si Kiswahili cha Nairobi, alikuwa anainama kila beti mbili kunipa maana.

Nikupe historia kwa ufupi. Utenzi ulitungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, na wataalamu huuweka kati ya mwaka 1810 na 1820. Yaani karibu miaka ileile ya "Ozymandias". Watu wawili ambao hawakuwahi kusikiana, mmoja Uingereza, mwingine upande wa Lamu, wanaandika kuhusu magofu katika muongo mmoja. Tofauti ni kwamba gofu la Sayyid Abdalla ni Pate, mji uliokuwa unaonekana kutoka kwenye maisha yake mwenyewe. Vita vya Shela vilikuwa vimeuvunja ubabe wake mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1810. Wenye nyumba hizo walikuwa na majina, na majina hayo yalikuwa ya koo ambazo watu wa visiwa hivyo walizifahamu. Na hamsimulii mtu baki. Anausema moyo wake mwenyewe, anaugombeza kama mzazi: kwa nini huamki?

Kisha anafanya kitu ambacho Shelley hafanyi. Anaingia ndani. Kwanza anatuonyesha nyumba ilivyokuwa: taa za kioo na za shaba, usiku ukageuka mchana, vyombo vya kauri vimepangwa kwenye madaka, wenyewe wakitembea kwa maringo, mikono na shingo vikicheza. Halafu bila kubadilisha mwendo wa ubeti anatuonyesha nyumba hiyohiyo sasa. Makinda ya popo yananing'inia juu. Buibui wametanda. Bundi anakoroma katikati ya nyumba. Na yale madaka yaliyowekwa sahani, ndege wamelaza watoto wao humo.

Nikainua macho. Yule wa Tanga alikuwa ananitazama. "Umeviona vidaka?" akauliza.

Niliviona. Na nikaona pia kwa nini picha hii ni bora kuliko jangwa. Jangwa linafuta, ndege hafuti, ndege anahamia. Madaka yalikuwa ya kuweka kitu chembamba kilichosafiri kutoka China, na bado yanahifadhi kitu chembamba. Nyumba inaendelea kufanya kazi ya nyumba, ila si kwa ajili yako. Mtu hawezi kubuni jambo hilo akiwa mezani Uingereza. Lazima uwe umeingia kwa jirani yako aliyehama, ukaangalia juu, ukaona. Mshairi haelezi huzuni hata mara moja hapo, anahesabu tu. Sahani, ndege. Taa, popo. Inakuwa kama ile hesabu ukutani Efeso, lakini ya hasara.

Basi nisije nikaonekana nimelewa. Utenzi una sehemu ambazo sikuweza kuzipenda. Unaishia motoni. Baada ya nyumba na maswali ya wako wapi, tunapelekwa Jahanamu, na mimi kama msomaji nilihisi nimetolewa kwenye chumba nilichokuwa nimekizoea nikawekwa kwenye hotuba. Yule wa Tanga alipinga vikali. Kwake moto ndio shabaha ya utenzi wote. Zile nyumba ni ushahidi tu unaowasilishwa mbele ya moyo, na mimi nafanya kile watalii hufanya, nachagua magofu naacha msikiti. Huenda yuko sawa. Bado nasema beti za madaka zina nguvu kuliko beti za moto, na nadhani mshairi alijua, maana humo ndimo mkono wake unapokuwa mwepesi zaidi.

Jambo la pili ni zito, na sina jibu lake. Katika zile nyumba za Pate, mabwana wanapolala, kuna watu wanaowakanda, wengine wanawapepea, na wanawake wanawaimbia hadi usingizi uje. Wamo ndani ya ubeti. Tunaona mikono yao, tunasikia sauti zao. Lakini swali kubwa la utenzi, lile la wako wapi, jinsi ninavyolisoma mimi, linawatafuta waungwana: wenye vyeo, wenye fahari, wenye elimu. Anayepepea haulizwi yuko wapi. Nyumba ikianguka, maringo ya bwana ndiyo yanayoliliwa, na aliyekuwa ameshika kipepeo haijulikani alikwenda kupepea nani. Pwani yetu ilikuwa na watumwa, sote tunajua, na huu ni utenzi wa watu waliokuwa nao.

Ningeliacha hapo kama si lango moja. Kando tu ya Maktaba ya Celsus, kama uko mbele yake, mkono wa kulia, kuna lango la matao matatu linaloingia sokoni. Watalii hulipita wakikimbilia maktaba. Lilijengwa karibu mwaka 4 au 3 kabla ya Kristo na watu wawili, Mazaeus na Mithridates, na majina yao yamechongwa juu kwa Kilatini. Walikuwa watumwa walioachwa huru wa familia ya mfalme Augusto. Efeso nayo ilikuwa soko kubwa la watumwa. Na hawa wawili wakapata uhuru, wakapata mali, na kitu cha kwanza unachokisoma kwenye lango lao ni heshima kwa waliokuwa mabwana zao.

Siku ile nililipiga picha kwa sababu kulikuwa na paka. Nilipoikuza picha kwenye treni, herufi zilikuwa pale nyuma ya mkia. Sijui nifanye nini na lango hilo. Nikilisoma kama ushindi, linanikodolea. Nikilisoma kama aibu, nawaibia wale wawili jiwe lao. Ila nimegundua limenifundisha kuusoma *Al-Inkishafi* nikitafuta mikono, na sasa beti ile ya wapepeaji ndiyo ninayoirudia kuliko hata ya madaka. Ni pale tu, katika nyumba ile yote, ambapo kuna mtu anafanya kazi.

Turudi kwa Waarabu wangu. Lile jibu sikulitunga, nililirithi. Wachimbaji wa enzi ya ukoloni na waliowafuata walizoea kuiita miji hii ya mawe ya pwani kazi ya wageni kutoka ng'ambo, na vitabu vya shule vikabeba, na walimu wakabeba, nami nikabeba hadi Uturuki kama mzigo wa mkononi. Wakati huohuo uchimbaji wa Shanga, kisiwa hichohicho cha Pate, ambao Mark Horton aliuongoza miaka ya 1980, ulionyesha mji uliokua wenyewe tangu karne ya 8, nyumba za udongo kwanza, mawe baadaye, watu walewale. Hii si siri. Imechapishwa kabla sijazaliwa. Gede iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, na mimi Gede nimefika! Darasa la saba, basi la shule kutoka Nairobi, saa moja ndani ya msitu. Nakumbuka tumbili aliyeninyang'anya mkate. Insha niliyoandika ilikuwa kuhusu tumbili. Nilipata alama 34 kwa 40.

Na kuna jambo jingine ambalo yule wa Tanga hakulisema lakini nililisikia. Mimi si mtu wa pwani. Kwetu ni bara, kwetu hakuna jiwe la zamani lenye kidaka. Kwa hiyo niliposema "Waarabu" nilikuwa pia nasema "si sisi", na katika hilo "sisi" nilikuwa nimewatoa watu wa Lamu, wa Malindi na wa Mombasa, kwa sentensi moja, kwa mgeni, huku nikimenya chungwa. Lugha niliyoitumia kuota, kutongozwa na kuandika insha ya tumbili ilitoka mikononi mwao. Nimeichukua lugha nikawaachia magofu.

Treni ilikuwa inakaribia İzmir, nje giza limeshaingia. Mwenyeji wetu alikuwa amelala akaamka, akatuona tumeinamia simu moja, akauliza tunasoma nini. Nikamwambia ni shairi kuhusu magofu ya kwetu. Nilisema hivyo, ya kwetu, na yule wa Tanga hakuinua uso ila aliacha kusogeza ukurasa. Nikajaribu kumtafsiria zile beti. Kituruki changu ni cha sokoni, kwa hivyo nilikwama kwenye popo, nikapiga mabawa kwa mikono na kuinamisha kichwa kana kwamba naning'inia, abiria wakatutazama. "Yarasa!" akasema. Yarasa. Nikaendelea: yarasa juu, ndege ndani ya vidaka vya sahani.

"Na sasa hivi kuna nini ndani?" akauliza.

Nikamgeukia yule wa Tanga. Naye hajawahi kufika. Alisikia tu kwamba watu wa Pate hulima tumbaku katikati ya kuta. Mturuki akawa ameshatoa simu anatafuta, Nairobi, Lamu, anakuza ramani kwa vidole viwili mpaka kisiwa kikajaa kioo. Akataka kujua boti za kutoka Lamu kwenda Pate huondoka saa ngapi.

"Inategemea maji yamejaa saa ngapi," yule wa Tanga akamwambia, nami nikatafsiri.